Volti 24 za Ubaruku

Fundi wa dizeli wa kweli humtambui kwa wingi wa spana zake. Unamtambua kwa swali la kwanza analomuuliza dereva, na kwa lori la zamani la jeshi swali hilo huwa moja: lilizima likitembea, au lililala zima likakataa kuzunguka asubuhi?

Dereva asiyemjua huona anapotezewa muda. Yeye amekuja na jibu tayari: pampu imekufa, au betri mbovu, au "umeme tu huo, fundi". Tajiri yuko kwenye simu anauliza gari litatoka saa ngapi. Lakini swali lile dogo limekwisha kuligawa lori nusu kwa nusu kabla hata nati moja haijalegezwa, na nusu moja imeachiwa huru.

Sababu iko kwenye asili ya dizeli yenyewe. Injini ya aina hii haina plagi. Pistoni inaibana hewa ndani ya silinda mara kumi na sita au zaidi, joto linapanda kupita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa humo kwa nguvu yanawaka yenyewe bila cheche. Rudolf Diesel aliifanikisha kazi hiyo kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na mpaka leo msingi ni uleule. Kwenye malori yaliyotengenezwa kabla kompyuta haijaingia kwenye injini, pampu ya mafuta inazungushwa na gia za injini yenyewe, na kuzima ni kwa kuvuta waya kwa mkono. Umeme una kazi moja kubwa, kupiga stata. Injini ikishashika, taa zote zinaweza kufa, betri zikabaki mzigo tu, na gari likaendelea kunguruma kutoka Igawa hadi Makambako. Kwa hiyo lori kama hilo likikata moto lenyewe njiani, fundi mjuzi hafukui nyaya, anafuata mafuta. Likigoma kuzunguka asubuhi, tanki halina kosa. Yapo yaliyofungwa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, ambayo moto ukikatika nayo inafunga mafuta. Ndiyo maana jambo la pili analofanya fundi, baada ya swali, ni kuinama kutazama kama pampu ina waya.

Mafundi wa namna hii wapo sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania: Mafinga kwenye malori ya mbao za Sao Hill, Makambako, Uyole, Tunduma. Nawazungumzia wa Ubaruku, wilayani Mbarali, kwa sababu pale kazi yao ina mtihani wa ziada. Ubaruku ni mji wa mpunga. Uko kwenye bonde la Usangu, jirani na shamba kubwa la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 na kuendeshwa na shirika la umma la NAFCO kabla ya kubinafsishwa. Mvua zinanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbuga unakunywa maji mpaka unanata kwenye tairi na kukataa kuachia. Kisha mavuno yanaanza, kila mtu anataka mpunga wake utoke jarubani siku hiyohiyo, na mashine za kukoboa hazilali. Hapo ndipo lori la zamani la jeshi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, linapopata heshima yake. Fuso inabeba zaidi na inakimbia zaidi, lakini inaishia pale barabara inapoishia.

Tatizo ni miezi inayobaki. Mavuno yakiisha, lori linaegeshwa, na kusimama ndiko kunakoliua. Betri zinajimaliza taratibu na bamba zake kuota ukoko. Tanki lililoachwa nusu linavuta unyevu wa usiku, maji yanajikusanya chini. Panya walioshiba mpunga wanahamia kwenye gari na kuguguna nyaya. Msimu mwingine ukifika, tajiri anataka liwake kwa mpigo mmoja.

Lori ninalolijua zaidi katika kundi hili ni Bedford, ile MK ya tani nne ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilitokana na TK, lori la kiraia ambalo wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka vizuri sana. Injini ni ya silinda sita, lita 5.4, na haiko mbele chini ya boneti wala chini ya kiti. Imekaa nyuma ya viti, na unaifikia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni nyuma ya milango. Waliolibuni walimfikiria fundi, nawapa haki yao. Anasimama wima ardhini, mkono wake unafika kwenye filta na pampu bila kupanda juu wala kulala chini. Mwaka 1986 General Motors, iliyokuwa ikilimiliki jina la Bedford, iliamua kuachana na malori makubwa, na tangu hapo spea halisi zimekuwa za kutafutwa. Hapo ndipo ufundi ulipopanda thamani. Gari ambalo spea zake zipo kila duka, fundi anaweza kubadilisha kitu kimoja kimoja mpaka akibahatishe kibovu. Gari hili halikuruhusu kubahatisha.

Niliwahi kukaa kutwa nzima nikimtazama mmoja wa mafundi hao, mtu mzima ambaye vijana wake wanamwita Mzee tu, akilishughulikia lori lililokuja na malalamiko mawili kwa pamoja. Asubuhi stata inazunguka kwa uchovu. Na likipakia, likianza kupanda mlima, linaishiwa nguvu, linakata moto, halafu likipumzika kidogo linawaka tena na kuondoka. Dereva aliyasema yote kwa pumzi moja, akiamini ni ugonjwa mmoja. Mzee aliyatenganisha palepale.

"Hayo ni mambo mawili, mwanangu. Tuanze na la asubuhi, maana injini bado imepoa."

Malori ya kijeshi ya nchi za NATO yalisawazishwa kwenye mfumo wa volti 24. Nguvu ileile ya stata inapatikana kwa nusu ya mkondo wa umeme, nyaya hazilazimiki kuwa nene sana, na injini kubwa iliyolala kwenye baridi inazungushwa kwa nguvu. Volti hizo 24 zinatoka kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Fundi mwenye haraka angeweka mita kwenye ncha mbili za nje, akasoma 24.8, akatangaza kwamba betri ni nzima. Mzee alipima kila moja peke yake. Ya kwanza ilisoma 11.9. Ya pili 12.9. Jumla ilikuwa nzuri, na ilikuwa inadanganya.

Hakuwa na haja ya kuuliza mengi. Alifuata kwa kidole waya mwembamba mwekundu uliotoka kwenye kiungo kati ya betri hizo mbili, ukapita chini ya kiti, ukaenda kwenye redio na chaja ya simu. Redio za kawaida ni za volti 12, na ukitafuta volti 12 ndani ya gari la 24, mahali rahisi ni kuchota kwenye betri moja. Inafanya kazi, ndiyo ubaya wake. Oltaneta inapeleka mkondo uleule kwenye betri zote mbili, kwa sababu zimefungwa mfululizo. Ile inayochotwa haifikii kujaa hata siku moja, na mwenzake aliyekwisha kujaa anaendelea kupokea mpaka maji yake yanachemka na kukauka. Unaua betri mbili kwa ajili ya redio. Dawa ni kiboksi cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinachochota kwenye betri zote kwa usawa. Na betri moja ikifa kabisa, unanunua mbili za aina moja na umri mmoja. Mzee halijadili hilo na tajiri. Gari lisilo na bajeti ya betri mbili analirudisha.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini zaidi. Wengi wangefurahi kwa kupata sababu, wakafunga kazi. Yeye alizichaji betri kila moja peke yake, akazirudisha, akamwambia kijana avute waya wa kuzimia ili injini isishike, kisha apige stata kwa sekunde chache. Ikazunguka vizuri zaidi, lakini bado kwa uzito. Alipoagiza waache, akapitisha kiganja kwenye kila kiungo cha waya mnene: ncha za betri, swichi kuu, solenoidi ya stata, bolti ya ethi kwenye chasisi. Kwenye bolti ya ethi kiganja kilisita. Palikuwa pa moto.

Kiungo kizuri hupitisha umeme bila kujulikana. Kibaya kinaugeuza kuwa joto, na joto lile ni nguvu ambayo stata ilitakiwa kuipata. Ili kijana aone mwenyewe, Mzee aliweka waya mmoja wa mita kwenye bloku ya injini na mwingine kwenye hasi ya betri, stata ikapigwa tena. Pale ambapo pasingetakiwa kuwa na kitu, mita ilipanda kupita volti moja na nusu. Bolti ilipofunguliwa, sababu ilikuwa ya kusikitisha. Kuna mtu aliwahi kuipiga chasisi rangi nzuri ya kijani, akarudisha ethi juu ya rangi. Unyevu wa majaruba ukamalizia kazi. Mzee alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaviosha vikuku vya waya, akakaza, na baada ya kukaza ndipo akapaka grisi kwa juu. Grisi ikitangulia kabla ya chuma kugusana na chuma, umejifanyia ubaya uleule wa rangi. Mita ikashuka mpaka karibu na sifuri na stata ikaita kwa sauti nyingine kabisa.

Sehemu hii ya umeme ina jambo moja zaidi linalonipendeza, nalo ni nyaya za kijeshi zenyewe. Swichi ya taa ya lori la jeshi ina hatua nyingi kuliko ya kiraia, kwa sababu lilitakiwa kuweza kutembea usiku bila kuonekana kutoka angani. Nyuma, chini ya bodi, kuna taa ndogo inayomulika ekseli iliyopakwa rangi nyeupe, ili dereva anayefuata kwenye msafara aone doa lile tu na kulifuata. Wanaonunua malori haya kwa kazi ya mpunga hawana shida na taa hizo, na wengi hukata nyaya zake wakaziacha zinaning'inia. Ncha iliyokatwa ina moto. Siku ikigusa chasisi, fyuzi inaungua, au waya unaungua, na hapo unatafuta kosa kwenye gari zima. Mzee hakati waya wa jeshi. Anaufunga ncha kwa utepe, anaukunja, anaufungia mahali pakavu, na kwenye daftari lake anaandika ulikotoka. Daftari hilo la kurasa zilizojaa mafuta ndilo ramani pekee ya umeme ya magari yale pale Ubaruku, na ningependa sana kuliona limepigwa picha, likahifadhiwa.

Lori likawashwa, likaachwa lipate joto. Sasa ni zamu ya ugonjwa wa pili.

Kuishiwa nguvu mlimani kuna maana mbili, na moshi unazitenganisha. Injini inayokosa hewa, kwa mfano filta ya hewa imeziba, hutoa moshi mweusi, maana mafuta yapo na hayapati kitu cha kuungua nacho. Inayokosa mafuta inakufa kimya, bila moshi wa maana. Moshi mweupe ni mafuta yanayotoka bila kuungua, wa bluu ni oili. Dereva aliulizwa rangi ya moshi, akajibu kwamba hakuuona wowote. Kwa hiyo lilikuwa linakosa mafuta, na kwenye mlima tu, kwa sababu mlimani ndipo injini inapodai mafuta mengi kuliko kawaida. Kwenye tambarare mrija uliobanwa unatosha.

Mafuta yanasafiri hivi: yanatoka tankini, yanapita kwenye bomba refu chini ya chasisi hadi pampu ndogo ya kunyanyulia iliyoko ubavuni mwa injini, yanaingia kwenye filta, yanafika pampu kubwa, na huko yanasukumwa kwa shinikizo kubwa mno kupitia mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli, moja kwa kila silinda. Sehemu ya kwanza ya safari mafuta yanavutwa. Ya pili yanasukumwa. Kosa la upande wa kusukuma linajionyesha kwa kudondosha. Upande wa kuvuta haudondoshi kitu, unanyonya upepo kimyakimya, au unabanwa, na nje pakavu kabisa. Ndio unaowatesa watu.

Mzee alichukua dumu safi la lita tano, akalitia dizeli iliyochujwa, akalitundika juu ya injini, akaufungua mpira wa kuingia kwenye pampu ndogo na kuunganisha mpira wa dumu. Injini imetundikiwa dripu, na tanki limewekwa kando pamoja na bomba lake lote. Lori likapakiwa viroba, likapelekwa kwenye kipande cha barabara chenye mwinuko, kijana akiwa nyuma analishika dumu. Lilipanda bila kusita, likarudi, likapanda tena. Pampu kubwa ni nzima, nozeli ni nzima, pampu ndogo ni nzima. Vitu vya gharama vyote vimesafishwa jina kwa dumu na mpira. Fikiria tajiri ambaye angeambiwa apeleke pampu mjini Mbeya ikapimwe, akalipa, akasubiri, na gari likarudi na ugonjwa wake uleule.

Kosa likawa kati ya tanki na pampu ndogo. Lakini ni upepo au ni kizuizi? Kwa hilo alikuwa na kipande cha mpira unaoonyesha ndani, alichokifunga katikati ya bomba. Injini ilipokimbizwa, mafuta yalipita bila povu hata moja. Hakuna upepo. Ila yalipita kwa unyonge, na baada ya muda mpira wenyewe ukaanza kujikunja kwa kuvutwa. Alifungua kifuniko cha tanki, kwa sababu tundu la kupumulia likiziba tanki linajenga utupu na mafuta hayatoki. Hakikuvuta pumzi, hakuna aliyesikia sauti yoyote, maana yake tundu lilikuwa wazi. Basi kizuizi kilikuwa ndani. Walipochomoa mrija wa kunyonyea kutoka tankini, kwenye ncha yake palikuwa pamejiviringisha nyuzi za plastiki nyeupe, mabaki ya kiroba. Kuna mtu alikuwa anakata kipande cha kiroba na kukiweka chini ya mfuniko wa pipa la dizeli ili usivuje. Nyuzi zikakatika na kuingia na mafuta. Mlimani, mafuta yakivutwa kwa nguvu, zilikuwa zinajibana kwenye mrija. Gari likizima, nguvu ya kuvuta inaisha, nyuzi zinaachia, zinaelea. Ndiyo maana likipumzika lilikuwa linawaka. Kila neno la dereva lilikuwa kweli, na kila neno likapata maelezo yake.

Kabla ya kufunga alifanya jambo ambalo ningeweza kulitazama siku nyingine nzima. Kila kiungo cha bomba la mafuta kina washa za shaba, na shaba iliyokwisha kubanwa mara moja inakuwa ngumu. Ukiirudisha hivyo, upepo unapita. Washa mpya za saizi zile hazikuwapo. Alizitunga zile za zamani kwenye waya, akazishika juu ya moto mpaka zikawa nyekundu hafifu, akazizamisha kwenye kopo la maji. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Shaba inalainika. Akazisugua mbele na nyuma kwenye msasa laini uliotandazwa juu ya kioo, akiziinua kila mara kuzitazama dhidi ya mwanga, mpaka uso wote ukawa wa rangi moja. Washa ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, na mkono uliokuwa umetoka kukaza bolti ya chasisi uliigusa taratibu, kwa ncha za vidole viwili.

Kisha kutoa upepo. Vijana wengi hapa huharibu kazi ya siku nzima kwa haraka ya dakika chache. Alilegeza skrubu ya juu ya filta, akaanza kupampu mkono mdogo wa pampu ya kunyanyulia. Mkono haukuwa na nguvu, ulikuwa unacheza bure. Kijana akasema pampu imekufa. Mzee akamwambia azungushe injini kidogo, nusu mzunguko tu. Pampu hiyo inasukumwa na jino la kemshafti, na injini ikisimama wakati jino limeinuka, diaframu inakuwa imekwisha kuvutwa na mkono hauna cha kuvuta. Injini ikasogea, mkono ukapata uzito wake. Povu likatoka kwenye skrubu, likafuatiwa na mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Skrubu ikakazwa huku mafuta yakiwa bado yanatoka. Hivyo hivyo kwenye pampu kubwa, na mwisho nati za nozeli, moja moja, huku stata ikipigwa. Nati hizo pia zinampa kipimo kingine siku injini inapomisi: anazilegeza kwa zamu ikiwa inanguruma, na ile ambayo ukiilegeza sauti haibadiliki, silinda yake ndiyo iliyolala. Ila anawakataza vijana kuweka kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza. Mafuta ya shinikizo lile yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo hupelekwa hospitali mara moja.

Ninaposema pampu kubwa ni ya gharama, sisemi bei tu. Ndani yake kuna vipistoni vidogo vinavyokwenda ndani ya vikombe vyake kwa nafasi ya mikroni chache, wakati unywele wa mtu ni mikroni makumi kadhaa. Bosch ilianza kutengeneza pampu za mstari za namna hiyo kwa wingi mwaka 1927. Vipistoni hivyo havina oili ya kuvilainisha. Dizeli yenyewe ndiyo mafuta yao. Kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hulainisha kidogo, huwa inaikata pampu siku kwa siku. Kulikuwa na kipindi nchini mwetu mchanganyo huo ulikuwa biashara, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Fundi wa pampu anaweza kukuonyesha vipistoni vya miaka ile, vimepigwa mistari. Maji ni adui mwingine. Yanakaa chini ya dizeli, kwa hiyo Mzee anafungua koki ya chini ya tanki alfajiri, kabla gari halijatikiswa, wakati maji yote yametulia mahali pamoja. Ukisubiri lirudi shambani, yamekwisha kuchanganyika na huyaoni.

Nchi hii ina sababu ya kuuthamini ujuzi huu. Katika vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, malori na mabasi ya kiraia yalichukuliwa kusafirisha wanajeshi na vifaa, na miaka michache baadaye, mwaka 1985, ukaanzishwa Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari cha jeshi kule Kibaha, kwa lengo la kujitegemea katika magari. Kujitegemea huko kunahitaji viwanda. Kunahitaji pia watu wanaoweza kulisikiliza gari la mtu mwingine, lililobuniwa nchi nyingine kwa vita vingine, na kulifanya libebe mpunga wa Usangu.

Mzee wa Ubaruku hana cheti. Alijifunza kwa kushika taa usiku na kumpa spana mtu aliyemtangulia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliopata ujuzi nje ya mfumo rasmi, na ninaomba wanaousimamia wafike Mbarali, Mafinga na Makambako wakiwa na muda wa kutosha. Wampe lori lenye magonjwa mawili, wakae pembeni, waandike anavyouliza. Na wewe mwenye lori la zamani lililoegeshwa nyuma ya nyumba, ambalo mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kulipimia kwa kilo: kabla hujapokea hela yake, jaza tanki, chaji betri zote mbili kila moja peke yake, umwite fundi, umpe siku nzima.